Dungu Lisiloitika

Nuru ya bondeni haina mahali inapoanzia.

Kaa juu ya dungu alfajiri uitazame. Huwezi kunyoosha kidole ukasema, imetokea pale. Inazuka ndani ya maji ya mpunga, huku na huko kwa pamoja, kijivu kwanza, kisha rangi ya chai ya maziwa, kisha dhahabu nyembamba kama ganda la punje. Milima ya Udzungwa upande ule bado ina giza. Milima ya Mahenge upande huu bado ina giza. Katikati maji yanawaka. Yameanza kuwaka lini? Ulikuwa unatazama, na hujui.

Misimu mingi nimeitazama nuru hiyo, Balbina, nikiitafutia mwanzo. Mimi ni mtu wa kutafuta mwanzo. Nilisomea kilimo, nikapata diploma, na kazi yetu ndiyo hiyo: jani limenyauka, tafuta mzizi, mzizi umeoza, tafuta maji, maji yametuama, tafuta nani aliziba mfereji. Daima yuko nani. Ukimpata unamfokea, unazibua mfereji, unakwenda kula.

Na wewe nilikutafutia nani wako. Sikuhangaika sana. Ni mimi.

Ninakuandikia kwa sababu masikio yako hayanipokei, na kwa sababu mikono yangu, kwa zile ishara zetu za nyumbani, inajua kusema njoo, kula, lala, acha, hapana. Hasa hapana. Kwa kusema hapana mikono yangu ina diploma nyingine.

*

Mtu asiyetoka huku asipate shida kutuelewa. Mvua zikishika, nusu ya Ifakara inafunga milango. Watu wanabeba sufuria, mikeka na kuku, wanavuka mto kuelekea upande wa Lupiro, wanashuka mbugani kwenye mpunga, na huko wanaishi mpaka mavuno. Wanaishi juu ya madungu: nyumba za miti zenye miguu mirefu, chini maji, juu mtu. Wanaamia ndege. Kwelea wakija wanakuja kama shuka lililorushwa juu ya shamba, na shuka hilo likitua, ukilinyanyua, chini yake hakuna kitu. Kwa hiyo mtu anakaa, anavuta kamba zenye makopo, anapiga kelele, anarusha udongo kwa kombeo, tangu nuru mpaka nuru iishe.

Jioni kuna mwito. Jua likigusa milima, dungu la kwanza linauliza la pili, mko salama? La pili linajibu salama, linaliuliza la tatu. Sauti inakwenda hivyo, dungu kwa dungu, mpaka inapotelea mtoni. Ni desturi tuliyoikuta. Dungu likiitika, kila mtu anapika. Dungu lisipoitika, watu wanashika fito na mapanga na wanaingia majini bila kuuliza, maana huenda ni kiboko, huenda ni nyoka, huenda ni homa.

Mto, mtoto, matope. Katika maneno hayo matatu maisha yetu yote ya huku yanaenea.

Nami nilikuwa nikipita madungu yote hayo na baiskeli ya serikali, nikihubiri. Mbegu bora. Mstari. Palizi ya mapema. Na mtoto akae shuleni, si juu ya dungu. Hilo nililisema kwa ukali kuliko mengine. Kandida, jirani yetu wa dungu la karibu, mama kutoka Mahenge ambaye Mungu alimpa ulimi akasahau kumpa ala, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia sawa, Bibi Shamba, basi hao kwelea nao uwape kalenda ya shule, ili waje wakati wa likizo.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na haki.

*

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ndege walikuja wengi kuliko mikono. Baba yako Donati alikuwa upande wa pili wa shamba, dada yako Careen alikuwa shule ya bweni, nami nikakutoa darasa la tatu kimyakimya nikakupandisha juu ya dungu langu. Siku chache tu, nilijiambia. Ulifurahi. Ulikuwa na sauti ya filimbi. Kwelea walikuogopa kuliko makopo.

Kisha ukashikwa na homa. Nikakupa klorokwini, maana nimesoma, najua kupima dozi. Ukatapika. Nikakupa tena. Ukalala, nikaona umepoa. Jua likagusa milima, na sauti ya Kandida ikaja juu ya maji, kama kila siku.

Mko salama?

Nikaitika: salama.

Kama ningenyamaza, wangekuja. Kama ningesema mtoto anaumwa, wangekuja. Wangekubeba jioni ile ile kabla maji hayajapanda, na wangekuona: mtoto wa Bibi Shamba, siku ya shule, juu ya dungu. Nikaitika salama kwa sauti nzuri, ya mtu mwenye haki.

Alfajiri nuru ilipozuka kusikojulikana, ulikuwa unatetemeka na macho yako yalikuwa meupe. Nikakuweka mgongoni nikashuka kwenye matope. Matope ya msimu ule, Balbina. Kila hatua yaliushika mguu, yakaunyonya, yakauachia kwa kusitasita, kama mtu anayetaka kusema neno. Nilikuwa nakimbia, na ukinitazama kwa mbali ungedhani nimesimama. Baba yako alitupokea na mtumbwi. Mto ulikuwa umekasirika. Hospitalini walifanya yote ambayo watu wanaweza kufanya.

Ulipona. Ukaomba uji. Nikakuita jina lako nikiwa nyuma yako, na hukugeuka.

*

Sikufunulii siri. Neno lile nimelisema mbele ya padre, na akaniondolea. Nimelisema mbele ya baba yako, ambaye alitazama mikono yake kisha akaenda kukata kuni. Nimelisema hata kwenye mkutano wa wakulima, kama mfano, wazi, ili wengine wajifunze. Kandida alikuwepo. Tulipokuwa tunatoka aliniambia pembeni, kwa sauti ya chini ambayo si yake, Bibi Shamba, hata dhambi yako umeigeuza semina.

Kwa hiyo hatia yangu haikufichwa. Ilikuwa nje, imeanikwa, kama mpunga kwenye turubai. Kila mtu aliikwepa asiikanyage. Nami niliilinda. Niliiamia ndege. Na wewe nilikuweka katikati ya turubai hilo, nikasema hapa huendi, pale huendi, mtoni huendi, sokoni huendi bila mtu. Ukakua hivyo. Ukawa msichana mrefu, mwenye macho yanayosikia, na mama anayekutangulia kila mlango.

*

Mwaka huu, mwaka wa mvua zilizokata reli, ukaniomba dungu lako mwenyewe.

Tuna kipande kile cha ng'ambo ya mkono wa mto, ambacho Donati alikilima kwa ubishi. Kina mpunga mzuri na hakina mtu. Uliniongoza mpaka ukingoni ukanionyesha: umekwisha kusimamisha miguu ya dungu, umetandaza fito, umefunga kutoka nguzo hadi nguzo utepe mweusi wa kaseti zilizokufa, unaometa na kutetemeka katika upepo. Vipande vya kioo umevining'iniza katikati. Kwelea walipita, wakaona vile vimulimuli, wakageuza. Wewe huwezi kuwatisha kwa makopo usiyoyasikia, ukawatisha kwa mwanga. Ukajigonga kifua. Ukaonyesha dungu. Ukaweka mkono shavuni: nitalala hapa, mpaka mavuno.

Mikono yangu ikasema hapana.

Ukauliza kwa nini. Nikakuonyesha jua linaloshuka, nikaweka kiganja mdomoni, nikaweka kiganja sikioni. Mwito. Hutausikia. Hutaitika. Dungu lisiloitika ni dungu la balaa. Watu watakuwa wakivuka maji kila jioni kukutafuta, mpaka siku watakayochoka, na siku hiyo ndiyo itakuwa siku yenyewe. Nilikuwa na haki tena. Ningepaswa kuogopa: kila ninapokuwa na haki, kuna mtu anaumia.

Hukulia. Ulirudi ukakaa ukanipa mgongo, na mtu asiyesikia akikupa mgongo, amefunga nyumba na dirisha.

*

Dada yako Careen alikuwa nasi, kwa sababu treni ilikuwa haipiti. Alikuja likizo kutoka chuo kikuu, Mlimani, na begi lililojaa karatasi, reli ikasombwa nyuma yake, akabaki akiamia ndege huku akipiga hesabu. Donati alimuuliza anasomea nini hasa mwaka huu. Akasema anasomea namna ulimwengu unavyoweza kukosa mwanzo.

Nikamwambia achote maji kwanza.

Lakini jioni, tukila juu ya dungu kabla ya mwito, nilimtaka aeleze, maana karo ni mpunga wetu na sipendi kununua kitu gizani. Akaeleza. Dada yako ana sura ya baba yake na maneno yangu. Hasemi kitu mara mbili.

Alisema ulimwengu wote unatanuka. Makundi ya nyota yanaachana, kama punje ukizimwaga. Sasa rudisha nyuma. Kila kitu kinasogeleana, kinabanana, kinachemka, mpaka mbingu nzima inaingia katika nukta isiyo na upana, yenye uzito na joto visivyo na kipimo. Hapo hesabu zinakatika. Nukta hiyo wengi wanaiita mwanzo.

Nilielewa mara moja. Nina nukta kama hiyo. Ina silabi tatu.

Akaendelea. Kuna wataalamu waliosema, hapana, tumeuchukulia ulimwengu kama vumbi kavu, kama vitu visivyokwaruzana. Tuuchukulie kama kimiminika kizito, chenye mnato. Akachovya mwiko kwenye sufuria ya uji, ule mzito aliotuzoesha bibi yako alipokuwa hana meno, akauzungusha, akauacha, nasi sote tukautazama uji ukijizuia wenyewe. Ndani ya kitu cha namna hiyo, alisema, kila mtanuko unapingwa. Rudisha nyuma: unasinyaa, unasinyaa, lakini mnato unabadilisha shinikizo la ndani, na mahesabu hayaangukii kwenye nukta. Ulimwengu unabanana mpaka kiasi fulani tu. Kadiri unavyorudi ndivyo unavyopungua mwendo. Njia ya nyuma inakuwa ndefu, ndefu, na hakuna siku unayoifikia ukasema, ilianza leo.

Nikauliza nani ameuona.

Hakuna, akasema. Ni hesabu. Mwalimu wake mwenyewe anaguna, anasema huenda wametia mnato mwingi kuliko ule ambao vitu vya kweli vinaweza kuubeba.

“Kwa hiyo tumekupeleka Dar es Salaam ukasomee uji,” baba yako akasema.

“Ndiyo, baba. Uji wa zamani sana.”

Wakacheka. Wewe uliona vinywa vyao ukatabasamu bila kujua kwa nini, kama kawaida yako, na tabasamu hilo lilinichoma pale pale linaponichoma siku zote.

*

Rudisha nyuma.

Nilijaribu, Balbina, nikiwa na sahani mapajani. Nilianzia kwenye mgongo ulionipa. Nyuma yake kuna hapana yangu. Nyuma ya hapana kuna uji ulioomba na jina ambalo hukuligeukia. Nyuma yake kuna mto, nyuma ya mto kuna matope, nyuma ya matope kuna neno langu. Hapo siku zote nilisimama. Hapo hesabu zangu zilikatika. Lakini jioni ile nilisukuma.

Nyuma ya neno kuna aibu. Nyuma ya aibu kuna mahubiri yangu na baiskeli ya serikali. Nyuma ya mahubiri kuna msichana mdogo juu ya dungu la mama yake, Apolonia, ambaye alimtoa shule akaamie ndege msimu mzima, mpaka masista walipokuja kumdai. Na msichana huyo akaapa kwamba mtoto wake hatapanda dungu. Msichana huyo ni mimi. Nyuma ya Apolonia kuna njaa. Nyuma ya njaa kuna kwelea, na nyuma ya kwelea kuna mvua, na mvua sijui zilianza wapi. Kila hatua ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. Mguu ulishikwa, ukanyonywa, ukaachiwa kwa kusitasita. Yale yale matope. Yale yaliyonichelewesha na wewe mgongoni, ndiyo binti yangu mkubwa ananiletea kama rehema.

Nikakataa.

Nilimwambia Careen, kwa ukali ambao hakuustahili, kwamba hesabu zake ni za watu waliokimbia kitubio. Mtu akikosa anahitaji mahali palipo na kosa lake, apige magoti hapo. Ukimwambia kosa lilikuja polepole, kutoka kila upande, kama nuru ya alfajiri, basi apige magoti wapi? Nani aungame, matope? Mnato unakwenda kwa padre?

“Sikusema hakuna kosa, mama,” akasema. “Nimesema hakuna nukta.”

Na akaongeza, nami nikasahau kukutazama wewe, kwamba nimekaa kwenye nukta hiyo miaka yote na nimekukalisha wewe pamoja nami.

Ulikuwa umegeuka. Ulikuwa unasoma vinywa vyetu. Jina lako lina midomo inayokutana mara mbili; unaliona hata kwa mbali.

Ukasimama. Hutumii sauti yako mbele ya watu, kwa sababu uliwahi kuona watu wakigeuka. Jioni ile uliitumia yote. Haikuwa filimbi tena. Ilikuwa nene, ya chini, isiyojua ukubwa wake, kama pembe inayopulizwa na mtu anayejifunza.

“Mimi sikuanzia siku ile,” ulisema.

Kwelea wa jioni waliokuwa wametua wakaruka wote kwa pamoja. Ukasema tena, polepole, ukiniangalia mdomo kana kwamba mimi ndiye kiziwi.

“Mama. Nilikuwepo kabla.”

*

Sauti yako ilikwenda mbali kuliko ulivyodhani. Upande wa pili wa maji Kandida aliisikia. Hakuwa ameisikia tangu ukiwa na sauti nyingine. Mwito ulikuwa haujafika zamu, lakini akauliza, nami nikausikia wasiwasi ndani yake.

Huko kwenu, mko salama?

Baba yako alinitazama. Careen alinitazama. Kuitika ni kazi ya mama wa dungu. Neno lilikuwa pale kinywani, limekomaa, linalojitamka lenyewe. Nilikuwa nimelisema kila jioni ya kila msimu tangu ile, na kila jioni lilitoka kama jino.

Mko salama?

Sikuitika.

Sikulipanga, Balbina. Nilikuwa nakutazama wewe, uliyesimama na mikono imekunjwa ngumi, msichana aliyekuwepo kabla. Na nikajaribu kukukumbuka ulivyokuwa kabla, na niliona kwamba nimesahau. Nilikuwa nimekumbuka homa tu. Nilikuwa nimeitunza siku moja vizuri mno mpaka zile nyingine zikaliwa na ndege. Ulikuwa ukiogopa nini? Ulipenda nini? Je, tayari wakati ule ulikuwa ukikusanya vitu vinavyometa? Mama gani asiyejua hilo? Hatia niliyoizoea ilikuwa na miaka. Hii ilikuwa mbichi, ilikuwa ya saa ile ile, na haikuwa na padre.

Kwa hiyo dungu letu lilinyamaza. Nikasikia maji yakichapwa.

*

Walikuja kama wanavyokuja. Kandida mbele na ufito, khanga imefungwa kifuani, matope mpaka kiunoni. Nyuma yake shemeji yake Melkiori na panga. Nyuma yao Mashimba, kijana wa Kisukuma ambaye ng'ombe zake tunawalalamikia kila wiki, amekuja na fimbo yake bila kuitwa na mtu. Walipanda ngazi wakihema. Walitazama: watu wanne, wali, perege, hakuna nyoka.

Kandida akauliza kiboko yuko wapi.

Nikamwambia hakuna kiboko. Nikamwambia, “Hatuko salama, Kandida. Ni hivyo tu.”

Nilingojea ulimi wake, nao nilikuwa nimeustahili. Aliusimika ufito wake kwenye pembe ya dungu, akakaa chini na matope yake yote juu ya mkeka wangu.

“Ulichelewa kusema,” alisema. “Haya, pakueni. Nimevuka maji na njaa.”

Nikapakua. Sijui kama unajua, mwanangu, ni kitu gani kuwapakulia watu wali baada ya kukosa kuwaita miaka mingi. Nilizijaza sahani mpaka punje zikadondoka majini, na samaki wakaja kuzidokoa. Melkiori alisema kwamba kama Bibi Shamba atakuwa hayuko salama mara kwa mara na wali wenyewe ni huu, yeye atalala na panga lake kiunoni. Mashimba alikula, kisha akaomba chumvi.

Nilimuuliza Careen kitu nilichokuwa sijauliza. Ule mwendo ambao mnato unauzuia, unakwenda wapi? Haupotei, alisema. Unakuwa joto. Akarudi kula. Hakuniambia kama fumbo. Ndivyo ilivyo kwenye karatasi zake. Lakini nilikuwa nimekaa kati ya Kandida mwenye matope na wewe mwenye ngumi, bega kwa bega kwa sababu dungu ni dogo, na nilisikia joto.

Ndipo wewe ukashuka ngazi ukarudi na kipande chako kikubwa cha kioo. Ukamvuta Kandida mkono, si mimi. Jua lilikuwa kwenye ukingo wa milima. Ukalikamata kwenye kioo, ukalirusha ng'ambo, na kule kwenye miti ya dungu lako tupu doa la mwanga likatua, likakaa, likatikisika. Ukamwonyesha Kandida dungu lake, ukaonyesha lako, ukapiga kioo: pale, hapa, pale. Ukajibu swali langu kabla sijalitoa: ukatoa tochi mfukoni, ukainyooshea wingu: jua likifichwa, hii.

Kumbe ulikuwa umekwisha kulifikiria lote. Ulipokuwa umenipa mgongo, ulikuwa unafanya kazi.

“Huyu anaitika kwa macho,” Kandida akasema. “Basi macho yangu bado yapo. Bibi Shamba, sema.”

Wote walinitazama. Mikono yangu ilikuwa na wali. Niliifuta. Niliinyanyua, na nilisubiri kuona itasema nini, maana hata mimi sikuwa na hakika.

Nenda, ilisema. Haikuwahi kulisema neno hilo. Ililisema vibaya. Ulielewa.

*

Ulihamia dungu lako wakati mpunga unaanza kuinama. Ulibeba sufuria ndogo, mkeka, chandarua nilichokikagua tundu kwa tundu, na muwa. Nilitaka kukufuata mpaka katikati ya maji. Nilifika magotini nikasimama. Matope yalinishika miguu, na kwa mara ya kwanza sikuvutana nayo.

Usidhani nimepona. Mimi sisemi vitu ili kuvipendeza. Neno lile nililisema, lilikuwa langu, na nitakwenda nalo. Na hii nayo ni yangu: miaka niliyokufungia ndani ya jioni moja. Careen anaweza kunionyesha kwa hesabu kwamba nikirudi nyuma siifikii nukta. Lakini njia yenyewe nimeipita, na nyayo ni zangu, kila moja. Pengine hatia ndivyo ilivyo. Haina mlango wa kuingilia ili mtu atokee hapo hapo. Ni maji ya mbugani. Unaishi ndani yake, unapanda mpunga.

Jioni ile jua liligusa milima. Dungu la kwanza likauliza. La pili likaitika. Sauti ikaja, salama, salama, ikaruka kwa Melkiori, ikaruka kwa Kandida, Kandida akaniuliza mimi, nami nikaitika, nikageuka upande wako. Kwa sababu sasa dungu la mwisho si langu.

Hapakuwa na kitu.

Nuru ilikuwa imetanda juu ya maji kama inavyotanda, kila mahali na si popote, nzuri, bure, haina pa kuanzia. Niliitafuta kwa macho nukta moja. Nikaona utepe wako ukimeta, kidogo, huo ni upepo. Nikaona korongo. Miti ya dungu lako ilikuwa mistari myeusi, na kati ya mistari sikuona mtu. Donati alikuwa amekwisha kushika kasia. Mguu wangu mmoja ulikuwa ngazini. Nilirudisha nyuma: homa, matope, neno; nilikuwa nakaribia, nilikuwa naanguka ndani.

Kisha ukawaka.

Kule ng'ambo, chini ya milima, juu ya maji yote yale yasiyo na mwanzo, nukta. Ndogo. Kali. Ilinipiga usoni nikafumba jicho. Ikazima, ikawaka, ikazima. Baadaye uliniambia ulichelewa kwa sababu ulikuwa unamalizia muwa, na ulinishangaa nilipokaa chini nikicheka na kulia, mtu mzima.

Sikuwa na kioo. Nilichukua mfuniko wa sufuria, nikaufuta masizi kwa khanga, nikaukamatisha kile kipande cha jua kilichobaki, nikakurushia. Sijui kama ulifika. Nilisema kwa mwanga lile neno langu, la silabi tatu, nikalisema hali sina hakika nalo.

Na wewe, kutoka kwenye nukta yako, ukaniitika.